Miche Iliyokufa kwa Kukua

Watu wengine wakikasirika hutukana, wengine huvunja vyombo. Yule mama waliyemwita Ticha akikasirika alikuwa anafundisha. Mchuuzi akimtilia nyanya mbovu chini ya nzima, hapandishi sauti. Atamsimamisha pale pale na kumweleza jinsi tunda linavyooza, kuanzia kwenye ganda mpaka kwenye mbegu, mpaka mchuuzi mwenyewe aombe msamaha ili apate kupumua. Alikuwa amefundisha Baiolojia sekondari maisha yake yote ya kazi, na kustaafu hakukumpunguza hata kidogo. Mumewe, fundi seremala, mtu wa maneno machache, alizoea kusema kwamba wenzake wameoa mke, yeye kaoa darasa zima.

Kukaa bure nyumbani kulimshinda. Akajiunga na kikundi cha wakulima wa mboga pale mtaani, watu wachache tu, waliokuwa na banda la plastiki nyuma ya ghala kuukuu. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha shamba huko nje, lakini miche ya wote ilianzia bandani, mikononi mwa Ticha. Yeye ndiye aliyeatika mbegu kwenye trei, akamwagilia, akapunguza, akafunua plastiki asubuhi na kuifunika jua likizidi, mpaka mche uwe na shina la kusimama wenyewe. Kwa hiyo nyanya za fundi cherehani zilikuwa za Ticha, na hoho za Mama Mapacha zilikuwa za Ticha, na mtu akisifiwa mavuno yake, Ticha alijifanya hasikii huku masikio yamemsimama.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi zaidi. Huyo ndiye aliyetunga sheria ya mabomba, na tumpe haki yake, sheria ilikuwa nzuri. Kikundi kilikuwa na mabomba mawili ya kupulizia, yale ya kubeba mgongoni. Jekundu lilikuwa la kiua magugu, na makazi yake stoo ya nje. La bluu lilikuwa la bandani, kwa mbolea ya majani na dawa ya wadudu tu. Atakayelitoa la bluu kwenda kuulia magugu anatoka kikundini, hakuna cha faini wala cha samahani. Aliitamka mwenyewe, kasimama juu ya kreti ili aonekane.

Wengine walidhani ni mambo ya usafi. Ticha akaona hapana, mtu hawezi kutii asichokielewa. Kesho yake akaja na puto la watoto na kapu dogo la ukindu lililochakaa, akawakusanya.

"Hili puto ni seli," akasema, akilitia ndani ya kapu na kulipuliza mpaka mashavu yakamvimba. "Seli imejaa maji, na maji yanasukuma kutoka ndani. Kapu ndilo ukuta wake, nyuzi zilizofumana. Mbona puto haliongezeki tena?"

"Kapu limelibana," akajibu Mama Mapacha, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa mwepesi kuliko wanafunzi wote aliowahi kuwafundisha.

"Vizuri. Sasa mmea ukitaka kukua hauongezi maji kwa nguvu. Unalegeza kapu. Kuna homoni inatengenezwa huku juu kwenye ncha, inaitwa auksini. Inashuka, ikifika kwenye seli inaiambia, mwaga asidi kidogo ukutani kwako. Asidi ikiingia, vile vifungo vinavyoshikanisha nyuzi vinaachia." Akaanza kuchomoa ukindu mmoja mmoja, na puto likavimba, likatokeza kwenye mianya. "Mnaona? Maji ni yale yale, ila ukuta umekubali kunyooka, na seli imerefuka. Halafu mmea unaleta nyuzi mpya, unafuma tena, unakaza. Unalegeza, unanyooka, unakaza. Ukiona mche umepinda kwenda kwenye mwanga, ujue auksini imejaa upande wenye kivuli, upande huo umerefuka kuuzidi mwenzake."

"Na kiua magugu kinaingiaje hapo?" akauliza dereva mstaafu, mzee aliyependa kubisha.

"Hiki tunachopulizia kwenye mahindi ni auksini ya bandia, mzee wangu. Mahindi yanajua kuivunjavunja, magugu ya majani mapana hayajui. Na nyanya ina majani mapana. Ikipata hata unyevu wake tu, inaambiwa legeza, legeza, legeza, na hakuna wa kuiambia kaza. Huku inarefuka, kule inabaki, shina linajisokota mpaka linapasuka. Haifi kwa njaa wala kwa kiu. Inakufa kwa kukua."

Puto likapasuka hapo hapo, maana Mama Mapacha alikuwa hajaacha kulibonyeza, na watu wakacheka mpaka machozi. Mwenyekiti alicheka kuliko wote. Alikuwepo, jamani! Alisikia kila neno. Mtu asije baadaye akasema hakujua.

Basi msimu uliofuata miche ya nyanya ilitoka ya kupendeza, minene, ya kijani kibichi, yenye vinyweleo vinavyong'aa. Ticha akaichanganyia mbolea ya majani, akatwaa bomba la bluu, akaipulizia yote asubuhi kabla jua halijawa kali. Aliporudi kesho yake, shingo za miche zilikuwa zimeinama, kila moja upande wake. Akadhani ni kiu. Akagusa udongo, udongo una maji. Kabla ya wiki kwisha majani yalikuwa yamejikunja kama vikombe, mengine yamekuwa membamba kama nyuzi, na mashina yamevimba na kujisokota kama nguo inayokamuliwa. Ticha alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akaitazama kazi yake yote. Akasonya, sonyo refu, la mtu ambaye ameshajua.

Maana chini ya meza kulikuwa na trei moja aliyoisahau, imefunikwa na kipande cha plastiki. Mbegu zake zilitoka pakiti ile ile, udongo ule ule, na maji yale yale. Haikupulizwa, nayo ilikuwa imesimama wima kama askari. Akafungua kifuniko cha bomba la bluu, akanusa. Ndani mlikuwa na harufu ya kiua magugu, kali kama ya dawa ya kusafishia vyoo.

Lakini uongo una miguu mepesi. Kabla Ticha hajafunga banda, mwenyekiti alikuwa ameshawatumia watu picha kwenye simu, nyanya zilizojikunja huko sijui wapi, chini yake kaandika kwamba huo ni ugonjwa wa virusi na hauna dawa. Shemeji yangu ni mtu mzima, akaongeza, huenda ameokota mbegu mahali. Tusilaumiane, ila samaki mmoja akioza wote wameoza. Akaitisha mkutano wa Jumamosi. Kwenye ajenda kulikuwa na mawili, kung'oa miche yote na kuichoma, na kumtafuta mtu mwingine wa kushika banda.

Tusilaumiane! Mtu kakuchinja halafu anakuombea usingizi mwema.

Na watu je, watu waliokula kutokana na mikono yake? Mama Mapacha alimpita njiani, salamu imemkwama nusu mdomoni. Fundi cherehani alikuwa na kitambaa cha Ticha cha gauni; akamrudishia hakijakatwa, eti kazi zimemzidi, huku cherehani nyuma yake imelala kimya na gurudumu lake limeshika vumbi. Dereva mstaafu alisema kwa sauti, makusudi asikike, kwamba kusoma sana nako ni tatizo. Ticha alipokea kitambaa chake, akakikunja vizuri, akatembea mpaka nyumbani akiwa amekibana kwapani kama mtu aliyeachishwa kazi.

Hakukaa. Alienda moja kwa moja kwenye mahindi ya mwenyekiti. Yalikuwa mahindi safi, hata mpinzani angekubali. Lakini pembezoni, magugu yalikuwa bado yanakufa. Mchicha pori umejikunja, kishona nguo kimevimba shina na kulisokota, majani yake yamekuwa vikombe. Ticha aling'oa kimoja. Mwenyekiti akatokea katikati ya mistari, shati jeupe, huko shambani!

"Karibu, shemeji."

"Sikuja kukaribishwa. Haya magugu umeyapulizia kwa bomba gani?"

"Jekundu, si unalijua?"

"Nalijua. Liko karakanani, juu ya meza ya kaka yako, vali imekufa, tangu mwezi uliopita linasubiri mtu alikumbuke."

Mwenyekiti alikohoa kidogo. "Basi niliazima la jirani. Shemeji, wewe ni msomi, usitafute mchawi. Na hata kama mtu alilitumia la bluu, mimi sisemi kalitumia, si ameliosha? Maji yakishapita, dawa itabaki wapi? Hizo ni hadithi za darasani."

"Itabaki kwenye mpira. Itabaki kwenye vali, kwenye chujio, kwenye kona zote usizoziona. Maji ya mara moja hayaitoi, na nyanya haihitaji nyingi. Niliwaeleza wote. Ulicheka."

"Sasa sikiliza." Hapo sauti ilibadilika, pasi ikatoka. "Ukasimame Jumamosi useme mwenyekiti amevunja sheria yake mwenyewe. Nani atakuamini? Huna shahidi. Na kumbuka mimi ni damu ya mume wako. Nikitoka kikundini mimi, imechekwa nyumba nzima."

Kikulacho ki nguoni mwako. Ticha alirudi karakana ya mumewe na lile gugu mkononi. Fundi alikuwa anapiga randa ubao wa mlango, na bomba jekundu liko pale pale mezani, tumbo wazi, vali yake imewekwa kwenye kisahani.

"Mdogo wako alikuja kuazima bomba," Ticha akasema. Hakuuliza.

Randa ikaenda, ikarudi.

"Fundi, nasema na wewe."

"Alikuja," mumewe akasema mwishowe, macho kwenye ubao. "Nikamwambia jekundu bado. Akaenda kulitoa la bluu. Nilimwona. Akasema ataliosha."

"Na picha za virusi ulipoziona kwenye simu yako?"

Fundi alipuliza maranda yaliyokusanyika kwenye makali ya randa, ingawa hayakuwa mengi.

"Huyo ni mdogo wangu, mama. Nimemlea mimi baada ya wazee kufariki. Funika kombe mwanaharamu apite. Miche si utaotesha mingine?"

"Miche nitaotesha mingine," Ticha akasema taratibu. "Na jina langu nalo niliatike kwenye trei?"

Fundi aliweka randa chini. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Usiniite kusimama Jumamosi. Nakuomba." Naye Ticha, ambaye angeweza kumfundisha mtu mpaka mtu huyo ajute kuzaliwa, hakumfundisha mumewe chochote siku hiyo. Alisema sawa, sikuiti. Akaingia ndani akafunga mlango. Hasira ya namna hiyo alikuwa haijui. Ilikuwa haina somo ndani yake, ilikuwa inauma tu.

Jumamosi watu walijaa bandani. Joto la plastiki, harufu ya udongo mbichi, na pembeni mwa meza za miche kidumu cha mafuta ya taa na kiberiti juu yake, tayari, kama mambo yameshakatwa na mkutano ni wa kupiga muhuri. Fundi seremala alikuja pia, akakaa nyuma kabisa karibu na nguzo, kofia magotini. Mwenyekiti alisimama karibu na mlango, mbele ya nyanya zake mwenyewe, mstari mmoja wa mimea mikubwa iliyokwishabeba, vichala kwa vichala. Zile alizihudumia kwa mkono wake na kwa bomba dogo la nyumbani kwake, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuzichuma jani.

Alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Alisema inamuuma, shemeji yake ni kama mama yake. Alisema ugonjwa hauna udugu. Alisema kikundi kwanza, mtu baadaye. Watu walitikisa vichwa. Mama Mapacha alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Nina maswali mawili tu," Ticha akasema alipopewa nafasi. "Mwenyekiti, bomba la bluu limewahi kutoka humu bandani msimu huu?"

"Halijatoka."

"Kwa hiyo ni safi."

"Safi kabisa. Shemeji, tusirudi huko kwenye mabomba, watu wana kazi zao."

"Nimemaliza." Akachukua jagi, akalijaza maji ya bomba la maji pale pale mbele yao, akanywa mafunda mawili. Akampa Mama Mapacha, naye akanywa bila kuelewa, akajifuta midomo. "Ni nini hayo?"

"Maji tu, Ticha."

"Maji tu." Akayamimina kwenye bomba la bluu, akaongeza mengine, akafunga kifuniko, akajitwika mgongoni. Alikuwa mama mtu mzima na bomba lilikuwa zito. Mikanda ilimkata mabegani, na hakuna aliyemsaidia. Akapita katikati ya meza za miche iliyojisokota, akapiga mkono wa bomba mara kadhaa mpaka lijae upepo, akafika mlangoni, akasimama mbele ya nyanya za mwenyekiti.

"Nyanya za kiongozi wetu zina vumbi," akasema. "Naomba niziogeshe."

Watu wakacheka, wengine kwa aibu. Mwenyekiti naye alianza kucheka. Ticha akainua fimbo ya bomba, akaielekeza kwenye kichala kilichoiva kuliko vyote, kidole juu ya kifyatulio.

"Shemeji, acha utani."

"Sina utani. Ni maji. Mama Mapacha kayanywa."

"Zangu hazihitaji maji."

"Nyanya gani isiyohitaji maji? Bomba ni safi, umesema mwenyewe, wote wamesikia. Unaogopa nini?"

"Nimesema ziache!"

Kidole kikajongea. Na yule mtu wa maneno yaliyopigwa pasi akaruka trei nzima ya bilinganya, akaikanyaga nusu yake, akaishika fimbo ya bomba kwa mikono miwili na kuisukuma juu, akipiga kelele, "Usipulizie! Utaziua! Utaziua zote!"

Matone machache yakamdondokea kwenye shati. Akabaki mikono bado juu, akiwa amejisikia mwenyewe.

Wa kwanza kusema alikuwa dereva mstaafu. "Haa," akasema. "Maji?"

Fundi cherehani akakaa chini kwenye kreti ghafla. Mama Mapacha akaenda kwenye kile kidumu, akakiokota kiberiti, akakitia kifuani mwake asimpe mtu yeyote. Alikuwa analia. "Ticha, tusamehe," akasema, "tusamehe, sisi ni wajinga." Ticha alikuwa anamtazama mwenyekiti, bomba bado mgongoni, na sauti iliyomtoka haikuwa ile ya darasani.

"Nyanya zako umezionea huruma, shemeji," akasema. "Mimi ulikuwa tayari kunichoma pamoja na miche yangu."

Hapo nyuma, karibu na nguzo, kiti kikasogezwa. Fundi seremala alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Ni kweli," akasema kwa sauti kubwa, ili wote wasikie. "Mimi nilimwona akilitoa. Kwa macho yangu."

Ticha hakugeuka.

"Kaa chini, mume wangu," akasema. "Hilo lilitakiwa jana."